Namna mutandao unajua bwana wako ni nani, bila kusoma hata ujumbe mumoja

Watu wengi hapa Goma, Bukavu ao Bunia wanasema: « Mimi siandikake kitu kwenye Facebook, basi hakuna mwenye kujua mambo yangu. » Si kweli.

Mwaka 2013, Lars Backstrom wa Facebook na Jon Kleinberg wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, walichukua watu karibu 1.300.000 walioandika jina la muke, bwana ao muchumba wao. Hilo jina wakalificha, wakaachia mashine kitu kimoja tu: nani ni rafiki wa nani. Hakuna ujumbe, hakuna picha. Mutafute muchumba!

Kwanza walihesabu marafiki wa pamoja. Ilipata jibu mara moja hivi kwa mara ine. Juu ya nini? Tuchukue mama anayeuzisha kwenye soko la Virunga. Mwenzake wa meza ya pembeni ana marafiki wengi pamoja naye, lakini wote ni wa soko, wanajuana wenyewe kwa wenyewe. Bwana wake, yeye, anajua wawili watatu wa soko, wawili wa korali, shangazi wa Butembo, na rafiki ya masomo huko Uvira. Hawa hawajuane. Kinachowaunga ni ile nyumba moja. Mashine ilipofundishwa kutafuta mutu wa namna hiyo, ilipata jibu karibu mara moja kwa mbili. Na wale wachumba ambao ilikosa kuwatambua, ndio walikuwa na hatari zaidi ya kuachana katika miezi miwili iliyofuata.

Kwetu huku, mambo hayaishie kwa wapendanao. Hesabu ya namna hiyo inaweza kufanywa juu ya liste ya simu ambayo kampuni ya telefone inachunga: namba gani iliita namba gani, saa ngapi. Mutu aliyekimbia, akatupa kadi na kununua mupya, akianza tena kuita mama yake, kaka yake na pasta wake, umbo la zamani linarudi. Mwenye kushika ile liste anaweza kumutambua. Mwaka 2014 Michael Hayden, aliyeongoza NSA na CIA, alikubali mbele ya watu kwamba Marekani inaua watu kwa kufuata habari za namna hiyo.

Na mashine inakosa. Motari anayebeba bidhaa za yule mama, watoto wake na wanakorali, ana namba za watu wa pande zote. Inaweza kumuchukua kuwa bwana wake. Kwenye bariere, nani atasikiliza maelezo?

Facebook inaruhusu kuficha liste ya marafiki isionekane na wageni. Kampuni yenyewe itaendelea kuiona. Fanya hivyo leo, kisha uambie na ndugu zako: liste yao ikibaki wazi, jina lako limo.