Ngoma Iliyovuka Bahari



Juma hili tumekuwa tukisikiliza santuri ambayo baadhi yenu mtashangaa kuikuta mezani pa padre: Uhuru Afrika, ya mpiga piano Mmarekani mweusi Randy Weston. Ni muziki wa jazi, uliorekodiwa New York mwezi Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru. Melba Liston aliupanga kwa kundi kubwa la wanamuziki. Pamoja na tarumbeta wamo wapiga ngoma: Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido na Armando Peraza wa Kuba, Max Roach wa Marekani. Hawagombanii nafasi, wanaitana na kuitikiana kama wazee barazani.

Lakini kilichotugusa hasa kiko mwanzoni. Inasikika lugha yetu! Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, anatamka kwa Kiswahili maneno ya uhuru yaliyotungwa na mshairi Langston Hughes. Weston, mzaliwa wa Brooklyn, alitaka lugha ya Kiafrika isikike, kwani lugha za mababu zake zilipotelea utumwani. Nasi wakati huo Misa tuliisikia kwa Kilatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia mwezi Desemba 1963, ukaagiza pia kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima unayostahili. Mwaka uliofuata, serikali ya makaburu Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri ile. Walielewa vizuri ngoma zile zilikuwa zinasema nini.

Twayasema haya kwa sababu tumeletewa ombi kwamba ngoma ziondolewe katika Misa ya pili, kibaki kinanda peke yake na midundo yake ya kiwandani, maana ngoma, tumeambiwa, ni ushamba. Tunakiri kwamba wapo wapigaji wanaofunika hata Zaburi, na hao tumekwisha kuwaonya. Neno ushamba, hata hivyo, hatulipokei. Wajukuu wa waliovushwa bahari kwa minyororo waliitafuta ngoma hii kwa machozi. Sisi tuliyoirithi bila jasho tunataka kuifungia stoo.

Dominika ijayo ngoma zitapigwa kama kawaida. Mazoezi ni Jumamosi saa kumi jioni, nasi tutakuwepo.