Mchungaji Naye Apumzike

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema wazi kwamba mfanyakazi asitumikishwe zaidi ya siku 6 kwa wiki, wala zaidi ya saa 45 za kawaida, na kwamba kila wiki apate walau saa 24 mfululizo za kupumzika. Haki hiyo haikuja bure. Huko Kasulu na Kibondo ingali inasimuliwa habari ya manamba, wale waliotoka Buha kwa maelfu kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Nyumba nyingi zilijifunza wakati ule hasara ya mtu kuhesabiwa kwa kazi yake peke yake: mke alilima pekee, na watoto walikua wakilijua jina la baba kuliko sura yake.

Leo twapenda kuwauliza wasomaji wetu wa nyanda hizo za juu, hasa walio waumini na wazee wa makanisa, swali moja. Ninyi mnayo siku yenu ya mapumziko. Je, mchungaji wenu anayo?

Kwa maoni yetu, wengi hawana. Jumapili, ambayo kwa mfanyakazi mwingine ni siku ya kukaa na jamaa, kwa mchungaji ndiyo siku ya kazi kubwa kuliko zote. Siku zinazobaki agawanye kati ya makanisa madogo yaliyotawanyika vilimani, wagonjwa, misiba, mabaraza, vijana wanaotaka kuoana na wazee wasiosikilizana. Kuanzia Oktoba hadi Mei mvua huifanya njia ya vilimani kuwa utelezi, na baiskeli humgeukia mwenyewe ikawa mzigo. Tena huyo huyo ni mkulima wa mahindi na maharage kama waumini wake, kwa kuwa sadaka ya watu wanaongoja mavuno haitoshi kulisha nyumba.

Mzigo huo ni wa zamani. Ulio mpya ni simu ya mkononi. Zamani aliyemtaka mchungaji alitembea mwenyewe au alimtuma mtoto. Umbali ule ulikuwa mchujo. Mgonjwa mahututi alimwamsha mchungaji usiku wa manane, na haki ilikuwa yake. Lakini ugomvi juu ya sare za kwaya ulingoja mpaka asubuhi, na mara nyingi asubuhi ulikuta umekwisha wenyewe. Siku hizi mambo yote hufika kwa mlio mmoja. Kundi la WhatsApp la kwaya, la vijana, la akina mama, la wazee, kila moja lataka neno lake, na mchungaji akinyamaza saa moja husemwa kuwa amejivuna. Kila simu ni ndogo, hapana ubishi. Lakini wahenga walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Jioni ya mchungaji humalizwa hivyo hivyo, huku ugali unapoa na mtoto aliyetaka kumwonyesha baba daftari lake amekwenda kulala.

Tusieleweke vibaya. Hatuichukii mitambo. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera kule Ngara, na sauti yake iliwafikia wakimbizi na wenyeji wa Kagera na Kigoma kwa habari na maneno ya amani, wakati watu walipokuwa na haja kubwa ya yote mawili. Simu nayo hupeleka habari ya msiba kwa dakika moja, na tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mtoto aliye Dar es Salaam aweza kutuma sadaka katika kanisa alilobatizwa. Umeme wa gridi ya taifa, uliowashwa mkoani Kigoma Oktoba 2022, umeleta taa ya kusomea na nguvu ya vipaza sauti. Hizo ni neema. Chombo ni kizuri madhali kinamtumikia mtu. Kikimgeuza kuwa mtumwa, hakina budi kuwekewa mipaka.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo la usahili. Vuguvugu la Uamsho lililoanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, likaingia Uganda, Kenya na Tanganyika, lilitembea kwa miguu, kwa barua na kwa nyimbo zisizo na spika. Hakuna aliyesema kwamba halikusikika. Basi kanisa linaloingia deni ili kununua kinanda na spika kubwa, huku paa la nyumba ya mchungaji linavuja, limetanguliza la mwisho. Twashauri waanze na paa.

Lakini twatoa onyo upande wa pili pia. Usahili ni sifa njema mtu anapouchagua mwenyewe. Waumini wasiufanye kisingizio cha kumnyima mtumishi posho yake, kisha wakamsifu kwa unyenyekevu wake. Mtu aliyenyimwa hakuchagua chochote.

Wapo watakaosema: uchungaji ni wito, si ajira, na shida za watu hazina kalenda. Twakubali kwamba zipo nyakati ambazo hapumziki mtu. Mwaka 1996 ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 ilipofunguliwa tena kambi ya Nduta wilayani Kibondo kwa ajili ya Warundi, hakuna mtu wa utu aliyeweza kuwaambia wale waliochoka njiani warudi kesho. Lakini dharura ni dharura kwa sababu haiji kila siku. Tukiifanya kila siku kuwa dharura, itakapokuja ya kweli tutamkuta mchungaji amekwisha kuchoka.

Biblia yenyewe yatoa mfano. Musa alikaa tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu peke yake. Mkwewe Yethro alipoliona jambo hilo alimwambia si jema, kwa kuwa litamchosha yeye na watu wake pia, akamshauri aweke wakuu wa kuamua madogo, naye abaki na makubwa. Wengi hulikumbuka shauri hilo. Wachache hukumbuka kwamba katika safari ile ile Yethro alikuwa amemletea Musa mkewe Sipora na wanawe wawili, waliokuwa wametengana naye. Mzee yule aliona kazi iliyozidi na nyumba iliyoachwa, akayashughulikia yote mawili. Naye Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo habari za askofu, aliuliza mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu kwa mabaraza ya makanisa ya Kasulu, Kibondo na kwingineko. Kwanza, mchungaji apewe siku moja kamili katika wiki, Jumatatu ikifaa, nayo itangazwe mbele ya watu wote ili asionekane mvivu anapofunga mlango. Pili, siku hiyo namba ya simu itakayotangazwa iwe ya mzee wa zamu, atakayesikiliza na kupima, na asimwite mchungaji ila kwa ugonjwa mahututi au kifo. Tatu, kabla ya kuchanga fedha za mtambo wowote, baraza liikague nyumba anamolala mchungaji na chombo anachosafiria.

Na kwa wachungaji wenyewe twasema kwa heshima: zimeni simu wakati wa chakula cha jioni. Watoto wenu ni kundi mlilokabidhiwa kabla ya kundi jingine lolote.

Kumnyima mwenziwe pumziko hakumpendezi mfanyakazi ambaye yeye mwenyewe analilinda la kwake kwa nguvu ya sheria. Sheria ya Musa ilimpa pumziko hata ng'ombe na punda, mtumwa na mgeni. Hatuamini kwamba mchungaji alisahauliwa. Basi, ndugu msomaji, Jumatatu ijayo kabla hujaipiga namba yake, jiulize kwanza kama jambo lako haliwezi kungoja Jumanne.