Mwalimu, Karani na Kishikwambi

Miongoni mwa maswali yaulizwayo sana siku hizi na watu wanaotaka kutumia fedha zao kwa tadbiri, hasa walimu, makarani, wafanyabiashara wadogo na wazazi wenye watoto vyuoni, liko hili la kama kishikwambi chaweza kushika nafasi ya kompyuta mpakato katika kazi za kila siku. Na wauzaji, ambao riziki yao i katika kuuza, aghalabu hulijibu kabla muulizaji hajalimaliza, wakasema kwamba chaweza, tena kwa raha zaidi. Rai yangu ni kinyume cha rai yao. Sisemi kwamba kishikwambi ni chombo duni. Nasema kwamba kiliundwa kwa ajili ya kupokea na kuonyesha, ilhali sehemu kubwa ya kazi ambazo watu hulipwa mishahara kwa kuzifanya ni kutunga, kulinganisha na kupanga, na hayo hayafanyiki kwa urahisi juu ya kioo kimoja kinachoguswa kwa kidole.

Insafu yataka nianze kwa kukipa chombo hiki haki yake. Tarehe 23 Agosti 2022, Tanzania ilipohesabu watu wake, makarani hawakutoka na mafurushi ya madodoso ya karatasi kama walivyotoka wenzao wa mwaka 2012, bali walitoka na vishikwambi. Karani aliketi mkekani au alisimama kizingitini, chombo kimelala juu ya kiganja kimoja, akauliza, akajibiwa, akagusa. Na jibu lilipoingia lilifungua swali lililopasa kufuata na kuyafunika yasiyomhusu mtu yule, ili mtoto mchanga asije akaulizwa habari za ajira yake. Hesabu ya watu 61,741,120 ilitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka ule ule, yaani miezi miwili na siku chache baada ya usiku wa sensa, ambapo ile ya 2012, iliyofanywa tarehe 26 Agosti, ilingojewa mpaka siku ya mwisho ya mwaka. Sidai kwamba kishikwambi peke yake ndicho kilichopunguza muda huo, walakini asiyekiri kwamba kilisaidia atakuwa anakinyima sifa yake. Mpe karani yule yule kompyuta mpakato, nawe umempa mzigo, kwa maana itataka meza ambayo uani haipo, na itataka mikono miwili, ilhali mmoja wahitajiwa kumfukuzia mbwa wa nyumba.

Fadhila zake nyingine zajulikana, wala sina haja ya kuzirefushia maneno: hupokea laini ya simu, hupiga picha ya stakabadhi, hutiwa sahihi kwa kalamu yake, hakina tundu la feni la kuvuta vumbi, na umeme ukikatika hujazwa chaji kwa kifaa kile kile kinachoijaza simu. Bwana shamba, muuguzi azungukaye vijijini, msambazaji wa bidhaa madukani na mpimaji wa viwanja, hao wote wakiniuliza nitawaambia wanunue kishikwambi.

Baada ya sensa, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vile vigawiwe walimu, na uamuzi ule ulikuwa mwema, kwa kuwa mali iliyonunuliwa kwa kodi ya wananchi haifai kufungiwa ghalani mpaka betri zife. Lakini tazama jinsi kazi ilivyobadilika, chombo kikabaki kile kile. Karani alipewa maswali yaliyokwisha kutungwa na wengine, akayapitia moja baada ya moja, na kila kituo kilikuwa na mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Mwalimu hana maswali yaliyotungwa. Yeye ndiye mwenye kuyatunga. Azimio la kazi la muhula ni jedwali pana lenye safu nyingi, ambalo kulijaza kwataka mtu autazame muhtasari wa somo upande mmoja na kalenda ya shule upande wa pili, huku akiandika katikati. Andalio la somo lataka kitabu cha kiada kiwe wazi pembeni. Mtihani wa hisabati una sehemu na vipeo, una michoro ya pembetatu, una nafasi za kuandikia majibu ambazo zisipolingana karatasi nzima huonekana kama imeandikwa gizani. Yote haya mwalimu anatakiwa ayafanye juu ya kioo ambacho, mara tu akitaka kuandika, nusu yake humezwa na kibodi, na ncha ya kidole chake hufunika herufi tatu kwa mara moja anapotafuta ile moja aliyoikosea.

Kisha yaje matokeo. Darasa la wanafunzi tisini wenye masomo saba ni alama mia sita na thelathini, na kila mwanafunzi apaswa kupewa jumla, wastani, daraja na nafasi, na kila mzazi apaswa kupata barua yenye jina la mwanawe. Katika kompyuta mpakato mwalimu mwenye maarifa ya wastani hutengeneza jedwali moja, akaandika barua moja, akaviunganisha, na barua tisini zikatoka kila moja na jina lake. Programu ya Word iliyoundwa kwa ajili ya vishikwambi haina njia hiyo ya kuunganisha barua na orodha, wala Excel ya huko haiendeshi zile amri za mfululizo ambazo ofisi nyingi zimezizoea. Si ajabu basi kumkuta mwalimu mwenye kishikwambi mkobani amepanga foleni steshenari, akimsomea kijana wa dukani maswali ya mtihani ili amchapie, na watoto wa mtaani wakisikiliza. Wale wanaohuzunika kwa kuvuja kwa mitihani ya ndani ya shule wangefaa kuitazama foleni hiyo kabla ya kumtazama mtu mwingine.

Wenzetu wa Kenya waliwahi kuligusa jambo hili kwa namna inayostahili kusifiwa, ingawa mradi wenyewe ulikuwa na lawama nyingine nyingi. Katika kampeni za mwaka 2013 wananchi waliahidiwa kompyuta mpakato kwa kila mtoto aingiaye darasa la kwanza; mradi ulipokuja kutekelezwa mwaka 2016 watoto walipewa vishikwambi, na wako waliosema kwamba ahadi imevunjwa. Mimi naona kwamba hapo hapakuwa na hasara, kwa kuwa mtoto wa miaka sita hutazama, hugusa na husikiliza, na kwa hayo kishikwambi kinamfaa kuliko kompyuta ya mtu mzima. Lakini pamoja na vishikwambi vya watoto, kila shule ilipelekewa projekta na kompyuta mpakato za walimu. Yaani waliopanga walifahamu kwamba chombo cha anayesoma si lazima kiwe chombo cha anayetayarisha la kusomwa.

Ithibati iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, hutoka kwa waundaji wenyewe. Bill Gates wa Microsoft alitangaza mwaka 2001 kwamba ndani ya miaka mitano kompyuta za namna ya kibao ndizo zitakazopendwa kuliko nyingine zote nchini Marekani, na miaka mitano ikapita bila jambo hilo kutokea. Steve Jobs, mkuu wa kampuni iliyoiunda iPad, alipoionyesha mara ya kwanza, tarehe 27 Januari 2010, alikuwa mwangalifu zaidi: aliketi katika kiti cha sebuleni, akasoma gazeti, akatazama picha, na akaiweka kati ya simu na kompyuta mpakato, wala hakuipa nafasi ya mojawapo. Miezi michache baadaye alizifananisha kompyuta na malori ya zama za ukulima, ambayo yataendelea kuwapo ila yatatumiwa na watu wachache kadiri wengi wanavyohamia kwenye magari madogo. Mfano ni mzuri, isipokuwa kwamba mwenye kampuni tajiri aweza kusahau kuwa watu wengi duniani hulipwa kwa ajili ya kile kilichobebwa na lori.

Aliyemrithi, Tim Cook, alikwenda mbali zaidi mwaka 2015, akauliza hadharani kwa nini mtu anunue tena kompyuta. Jibu la swali lake limekuwa likitolewa na kampuni yake mwenyewe tangu siku ile, kidogo kidogo, kwa njia ya marekebisho. Mwaka 2019 iPad ikapewa uwezo wa kusoma flashi. Mwaka 2020 ikapewa kipanya na kibodi yenye kiguso chake. Mwaka 2021 ikatiwa kichakato kile kile cha kompyuta za kampuni hiyo. Mwaka 2025 ikapewa madirisha yanayosogezwa na kupishana, pamoja na menyu juu ya kioo. (Kikokotoo, kitu ambacho hata simu za bei ya chini kabisa huwa nacho, iPad ilikipata mwaka 2024.) Kila mara watu waliposema kwamba chombo hakitoshi kwa kazi, dawa iliyotolewa ilikuwa ni kukipachika kiungo kimoja zaidi cha kompyuta mpakato. Microsoft nao, walipotoa Surface mwaka 2012, walikitangaza kishikwambi chao pamoja na jalada lenye kibodi tangu siku ya kwanza, na mwaka uliofuata wakakiri hasara ya dola milioni 900 kwa mali isiyonunuliwa. Waliposhika soko baadaye, walilishika kwa vyombo ambavyo ndani yake ni kompyuta kamili za Windows zilizovuliwa kibodi.

Na viungo hivyo vina bei. Mwaka 2024 huko Marekani, iPad Pro ya inchi 13 ilianza kuuzwa kwa dola 1,299, na kibodi yake kwa dola 349, jumla dola 1,648, wakati MacBook Air ya inchi 13 ya kampuni hiyo hiyo, yenye kibodi yake tangu kiwandani, iliuzwa kwa dola 1,099. Uzito wa kishikwambi na kibodi yake kwa pamoja ni takriban kilo moja na robo, nao ndio uzito wa MacBook Air. Basi mnunuzi ameongeza dola 549, wala hakupunguza uzito, ili afike mahali ambapo angefika kwa nauli ndogo zaidi. Hata asiyegusa vyombo vya bei hizo asidhani kwamba hayamhusu, kwa sababu kishikwambi cha bei nafuu chenye kibodi ya kununuliwa kando hufuata hesabu ile ile, ila kwa tarakimu ndogo. Tena Microsoft huruhusu kuandika na kuhariri bure katika programu zake pale tu kioo kisipozidi inchi 10.1, hata yule aliyenunua kioo kikubwa kwa nia ya kufanyia kazi ndiye anayedaiwa ada ya kila mwezi au ya mwaka.

Nawasikia vijana wakiniambia kwamba wao huandika kwa vidole gumba kwa kasi inayowashinda wapiga chapa wa zamani, na kwamba uzito ninaousema ni wa watu waliozoea mashine. Kasi hiyo siikatai. Lakini kazi ya maandishi haicheleweshwi na vidole; huchelewa pale mtu anapohitaji kuona karatasi mbili kwa pamoja, kuhamisha aya ya tatu iwe ya kwanza, kurudi katika jedwali la mwezi uliopita, na kujua kwa yakini faili lake limehifadhiwa wapi na kwa jina gani. Wengine husema kwamba siku hizi kila kitu kimo mtandaoni, na chombo chochote chenye intaneti kinatosha. Hilo ni kweli kwa mwenye bando lisilokwisha na mnara usiozimika. Kwa wengine ni kujenga ofisi juu ya kitu ambacho funguo zake ziko kwa mtu mwingine.

Yapo pia mambo ya maisha ya chombo, ambayo wauzaji hawayataji. Kioo cha kishikwambi aghalabu hugundishwa kwa gundi, na kikipasuka fundi hukwambia bei ya kioo, nawe ukaona bora kununua kipya. Mfumo wake nao hupata masahihisho ya usalama kwa miaka michache, kisha ukaachwa. Kompyuta mpakato iliyotumika Ulaya ikaletwa Kariakoo au Nairobi yaweza kufunguliwa, ikaongezewa kumbukumbu, ikabadilishwa diski, kibodi na betri, ikaendelea na kazi. Anayenunua ya namna hiyo na aangalie kwamba inapokea Windows 11, maana Windows 10 ilikoma kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Isipoipokea, yuko fundi awezaye kuitia Linux bila malipo ya leseni.

Kwa hiyo, ewe msomaji unayeshika fedha mkononi na kusitasita dukani, iandike kwanza kazi yako ya juma zima katika karatasi. Ukiona kwamba aghalabu unasoma, unapiga picha, unajaza fomu zilizotungwa na wengine na kuonyesha watu bidhaa zako, chukua kishikwambi na usijute. Ukiona kwamba fomu hizo unazitunga wewe, kompyuta mpakato iliyotumika, hata ikiwa nzito na ya sura isiyopendeza, itakulipa zaidi kuliko kishikwambi kipya kinachong'aa. Na wenye mamlaka juu ya shule zetu, ambao walifanya vyema kumpa mwalimu kishikwambi, nawaomba wasikihesabu kuwa ndiyo ofisi yake: maadamu wanamtaka atunge mitihani, apange matokeo na awaandikie wazazi, katika bajeti ijayo watenge fedha za kompyuta mpakato na printa, angalau moja ya kila idara katika kila shule.