Nilivyokuwa bwana mifugo kwa saa moja

Najua nimepotea wiki mbili nzima, si mnajua tena, majaribio yamefuatana na bumu halijaingia, mtu unaandika kwa nguvu zipi? Leo nimekaa hapa kimbwetani, kuna jambo linaniwasha.

Jumatano Dokta wetu wa afya ya jamii aliingia darasani bila desa, akatugawia vikaratasi vya igizo. Kila mtu na cheo chake: mganga mkuu wa wilaya, diwani, mtendaji wa kata, mwenye bucha, mfugaji. Mimi bwana mifugo. Sharti moja tu, karatasi usimwonyeshe mtu, ila kusema ruksa. Akaniambia nichague kata, nikataja nyumbani kwetu Endabash, Karatu.

Karatasi yangu ilisema mvua kubwa imenyesha na mbuzi wanatupa mimba kijiji kizima. Ya dada aliyekuwa muuguzi ilisema ana wagonjwa 3 wa homa kali, mmoja anatoka damu puani. Basi bwana, tulikaa meza moja tunatazamana dakika 40, hakuna aliyemwambia mwenzake! Mimi nilipeleka ripoti kwa mkubwa wangu wa mifugo wilayani, yeye kwa mganga mkuu. Kila mtu kafanya kazi yake safi kabisa, na wagonjwa wakaongezeka.

Ugonjwa ulikuwa homa ya Bonde la Ufa. Mbu huiambukiza mifugo, na binadamu huipata zaidi kwa kushika damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Yaani mbuzi ndiye anayetangulia kutoa habari. Na si hadithi: mwishoni mwa 2006 ililipuka Kenya na Somalia, mapema 2007 ikaingia kwetu, Ngorongoro jirani zetu wakiwemo, ikafika mpaka Dodoma. Hapa nchini walifariki watu zaidi ya 100.

Wakubwa wanalijua hili. Juni 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliendesha zoezi la siku 4 pale Namanga, Kenya na Tanzania pamoja, wakijifanya ugonjwa huohuo umelipuka mpakani. Watu wa afya, wa mifugo na wa forodha wakalazimika kuongea. Na tangu 2018 lipo dawati la Afya Moja Ofisi ya Waziri Mkuu. Vizuri sana. Ila mimi naona zoezi kama lile lishuke mpaka kwenye kata, na watu wabadilishane vyeo. Mganga awe mfugaji, diwani awe muuguzi wa zamu ya usiku. Ukiigiza cheo chako mwenyewe utasema yaleyale unayosema kila kikao. (Na tafadhali lisigeuke semina ya posho, tunajuana.)

Kwa nini nang'ang'ania kubadilishana? Mwishoni "wilaya" ilitangaza kufunga mnada. Yule jamaa aliyekuwa mfugaji, mtoto wa Kinondoni ambaye nadhani hajawahi kushika kamba ya ng'ombe, akainuka: "Sasa ada ya mtoto nitalipa na nini?" Darasa likacheka. Dokta akauliza nani ana jibu. Tukapekua vikaratasi vyote, hakuna hata kimoja kilichokuwa nalo.

Mimi nilicheka nusu nikanyamaza. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ng'ombe wa mzee. Mnada ukifungwa na hana pa kuuza, unadhani atamwita bwana mifugo aje aone mbuzi anayeumwa? Atamchinja usiku, nyama igawanwe kwa majirani, na hapo ndipo ugonjwa unapohamia kwa watu. Jambo hilo mganga mkuu hawezi kuliona ofisini, lakini nusu saa ya kuwa mfugaji ingemtosha.

Wanaosoma uhasibu najua mtauliza bajeti. Sisi tulitumia karatasi moja iliyokatwa vipande na saa moja ya kipindi. Likizo hii nitaviweka vile vikaratasi kwenye begi, nimwombe mtendaji wetu tujaribu siku moja baada ya kikao. Yeye nitampa umuuguzi.

Naomba kuwasilisha. Mwenye jibu la ada aniambie.