Pikipiki Haimharibu Dereva

Mwanza na kando yote ya ziwa kuna hukumu iliyozoeleka kiasi kwamba hakuna anayeidai ushahidi. Gari likichomekea mbele ya daladala pale Buzuruga, au mchomoko, gari dogo la abiria, ukitanua kwenye foleni ya Igoma, watu humaliza kesi kwa maneno matatu: huyo alikuwa bodaboda. Mwenye Fuso au Hiace anayetafuta dereva akisikia kijana ametoka kijiweni, anamrudisha alikotoka. Anaamini pikipiki imeshamwingia mwilini, hajui kusubiri, amezoea kupenya, breki anaikumbuka dakika ya mwisho, na tabia hizo zote atahamia nazo kwenye magurudumu manne. Naikataa imani hii yote, si nusu yake. Pikipiki ni shule ngumu kuliko zote za udereva, na maisha ya watu walioiacha wakaingia kwenye magari, tena kwa kasi ambazo hakuna bodaboda wa Usagara atakayezifikia, yanaonyesha hivyo waziwazi. Kinachomharibu kijana wetu kiko kwingine, na kila tunapoilaumu pikipiki tunakisaidia kujificha.

Nianze na John Surtees, kwa sababu hakuna binadamu mwingine aliyelifikisha jambo hili kileleni. Kati ya 1956 na 1960 Mwingereza huyo alitwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki mara saba, mara nne katika cc 500 na mara tatu katika cc 350, wote akiwa juu ya MV Agusta za Italia. Misimu mitatu ya mwisho alishinda mbio 32 kati ya 39 katika madaraja hayo mawili. Machi 1960, huko Goodwood, akaingia kwenye mbio za magari kwa mara ya kwanza maishani mwake, katika gari dogo la Formula Junior la Ken Tyrrell, na akamaliza wa pili nyuma ya Jim Clark, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia mara mbili. Mei alikuwa Monaco kwenye Formula 1. Julai, katika mbio zake za pili za ubingwa wa dunia wa daraja hilo, akamaliza wa pili Silverstone. Agosti, katika mbio za tatu, alipanga muda bora kuliko wote akaanzia mbele kabisa huko Porto, Ureno, kwenye mitaa ya mawe yaliyopangwa na reli za tramu, akawa anaongoza kabla ya kulazimika kuacha. Na miezi yote hiyo alikuwa bado anapanda pikipiki: mwaka ulipoisha alikuwa bingwa wa dunia wa cc 350 na wa cc 500 kwa pamoja. Miaka minne baadaye, akiwa na Ferrari, alimpita Graham Hill kwa pointi 40 dhidi ya 39 akawa bingwa wa Formula 1. Hadi leo hakuna mwingine aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa yote mawili.

Ubingwa wa 1964 si sehemu yenye uzito zaidi katika habari hii. Uzito uko kwenye ile miezi ya 1960. Kama pikipiki inampa mtu tabia zinazomharibu akishika gari, basi uharibifu ungeonekana wakati huo hasa, kabla hajapata muda wa kujifunza upya, siku ambazo Jumapili hii alikuwa juu ya MV na Jumapili nyingine ndani ya gari la Lotus. Badala yake, mtu ambaye hakuwa na hata mwaka mmoja wa mashindano ya magari aliwapita kwa muda wa kufuzu madereva waliokuwa wamezeekea kazi hiyo. Alikuwa na kitu walichokuwa nacho wachache wao, na hakukipata kwenye gari.

Kitu hicho kinaonekana hata kwenye barabara ya changarawe, ukimtazama mpandaji mzoefu anayeshuka na magunia mawili ya dagaa yamefungwa nyuma. Mzigo umevuta uzito mwingi kwenye tairi la nyuma, kwa hiyo tairi la mbele ni jepesi na usukani unacheza. Anajua akikamata breki ya mbele kwa nguvu akiwa amelala kwenye kona, tairi litateleza na atakwenda chini na magunia yake. Basi anafanya kazi yote mapema. Anashusha gia kabla ya kona, anamaliza kufunga breki pikipiki ikiwa bado imesimama wima, kisha anaiachia ijilaze. Macho yake hayako kwenye tairi. Yako kule anakotaka kutokea. Hapiti katikati ya njia ambako kokoto zimelegea, anafuata mstari mgumu uliokandamizwa na matairi ya malori. Mwenye gari anaweza kupuuza mambo haya kwa miaka kumi bila kuadhibiwa, kwa kuwa magurudumu manne yanamsamehe na bodi la chuma linamficha. Mwenye pikipiki hasamehewi hata mara moja. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu, na mshiko huo ukiutumia wote kwenye breki haubaki wa kukata kona. Hiyo ndiyo kanuni kuu ya udereva wa chombo chochote, na anayeijua kwa goti na kiwiko anaijua kuliko aliyeisoma kwenye kitabu cha alama za barabarani.

Surtees hakuwa ajabu ya mara moja. Tazio Nuvolari wa Italia alikuwa bingwa wa pikipiki katika miaka ya 1920 kabla jina lake halijawa kubwa kwenye magari. Bernd Rosemeyer wa Ujerumani alitoka kwenye pikipiki za DKW moja kwa moja hadi kwenye Auto Union mwaka 1935, gari lenye injini nyuma ya dereva lililowasumbua waliozoea injini ya mbele, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa Ulaya. Kwenye rali ya Dakar, ambako barabara ni mchanga na mawe, Hubert Auriol alishinda kwa pikipiki kisha kwa gari, Nani Roma naye vivyo hivyo, na Stéphane Peterhansel ameshinda mara sita kwa pikipiki na mara nane kwa gari. Jirani zetu nao wanao mfano. Maxine Wahome wa Kenya alikulia kwenye motokrosi kabla ya kuhamia rali, na Juni 2022, kwenye Safari Rally ya Naivasha, alishinda daraja la WRC3, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika raundi yoyote ya mashindano ya dunia. Safari ni mashindano yaliyozaliwa mwaka 1953 kwenye barabara za Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo. Vumbi lake ni vumbi letu.

Najua jibu litakalorudi: hao ni wateule, na waliofeli hatuwataji. Basi tuwataje. Gary Hocking wa Rhodesia ya Kusini alikuwa bingwa wa dunia wa cc 350 na cc 500 mwaka 1961, akaacha pikipiki mwaka uliofuata baada ya rafiki yake Tom Phillis kufia Kisiwa cha Man, akahamia magari, na Desemba 1962 akafa akifanya mazoezi huko Durban. Mike Hailwood, bingwa wa dunia wa pikipiki mara tisa, alianza mbio 50 za Formula 1 na hakushinda hata moja. Ni kweli, pikipiki haimhakikishii mtu ushindi wala uhai, na sijadai hivyo. Ila kushindwa kupata ushindi wa Formula 1 si kuharibika. Hailwood huyohuyo alikuwa bingwa wa Ulaya wa Formula 2 mwaka 1972, na mwaka 1973 huko Kyalami, Afrika Kusini, aliacha mbio zake akaingia kwenye moto kumtoa Clay Regazzoni aliyenaswa ndani ya gari linaloungua. Nguo zake zikashika moto, akazimwa, akarudi tena hadi akamtoa. Uingereza ilimpa Nishani ya George. Anayeamini kwamba miaka ya pikipiki humfanya mtu asijali maisha ya wengine barabarani ana deni la kulieleza tukio hilo.

Hoja nzito zaidi inatoka Hospitali ya Bugando. Mwaka 2010 madaktari wa huko walichapisha utafiti juu ya majeruhi wa pikipiki jijini Mwanza, wakayaita majeraha hayo tatizo la afya ya jamii linalochipuka na wakataka hatua za haraka. Hakuna mwenye akili anayelibishia hilo, na mimi silibishii. Miguu inavunjika, vijana wanakufa, na abiria wanapanda bila kofia ngumu mpaka leo. Lakini takwimu za majeruhi zinasema ni chombo gani kisicho na ganda la kumkinga mtu. Hazisemi ni chombo gani kinachofundisha vibaya. Tukitaka kujua tabia mbaya zinatoka wapi, tulinganishe vyombo. Dereva wa Hiace ya Kisesa ambaye hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake anachomekea, anatanua, anasimama katikati ya barabara kugombania abiria mmoja, na anakimbia kurudi stendi kama bodaboda yeyote. Mashine ni tofauti, mafunzo ni tofauti, tabia ni ileile. Kinachowaunganisha ni hesabu. Wote wawili jioni wanatakiwa kupeleka kwa bosi kiasi kilichopangwa, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo, na kilicho chao ni kile kinachobaki baada ya hapo. Bodaboda aliye kwenye mkataba ana mzigo wa pili: akikosa kupeleka kwa siku kadhaa, pikipiki inachukuliwa na miezi yote aliyolipa inapotea. Mtu aliyewekwa hapo atabeba mishikaki, abiria wawili au watatu kwa safari moja ingawa sheria inaruhusu mmoja, na atapenya kila panapopenyeka. Ukimhamishia kwenye gari lenye hesabu ileile atapenya vilevile, nasi tutasema ni pikipiki iliyomfuata. Serikali yenyewe ilishaonyesha inajua ukweli huu ilipotaka vifaa vya kufuatilia mwendo vifungwe kwenye mabasi ya mikoani. Haikuwatafuta madereva wa ukoo mwingine. Ilibadilisha mazingira yanayowasukuma.

Wapo watakaosema mbio ni mbio na barabara ni barabara: huko uwanjani wote wanakwenda upande mmoja, hakuna ng'ombe, hakuna mtoto anayekimbilia mpira, hakuna guta lisilo na taa usiku. Kweli kabisa, na kwa hilo naongeza jambo linaloumiza zaidi. Surtees hakutegemea mashindano peke yake. Baba yake alikuwa na duka la pikipiki, na yeye mwenyewe alijifunza ufundi kiwandani kwa Vincent, akijua kila nati ya mashine aliyoipanda. Kijana wetu, mara nyingi, hufundishwa na rafiki jioni moja kwenye uwanja wa shule, kesho yake amebeba abiria, na leseni ya daraja A, akiipata, inakuja baadaye kwa hofu ya trafiki. Kwa hiyo anajua changarawe na hajui sehemu ambayo dereva wa lori haioni kwenye vioo. Anajua mshiko wa tairi na hajui kwamba trela linakata kona kwa ndani kuliko kichwa chake. Hajawahi kufundishwa kutazama vioo kwa mpangilio, wala kukadiria upana wa chombo kisichopita anapopita yeye. Hayo ni mapungufu ya kweli na yanaua. Lakini ni mapungufu ya masomo ambayo hajapewa, na masomo ya namna hiyo hufundishika kwa wiki chache VETA au kwenye shule yoyote ya udereva iliyo makini. Alichonacho tayari, kusoma njia na uzito, ndicho kinachochukua miaka, na hakuna shule inayokiuza.

Jambo hili lina uharaka kwetu hapa kuliko kwingine. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu juu ya maji kutoka Kigongo hadi Busisi, limeondoa foleni ya kivuko, na magari ya Geita, Chato na Bukoba yanapita Usagara bila kulala. Malori hayo yanahitaji madereva, na vijana wenye maelfu ya kilomita mikononi wamekaa vijiweni mita chache kutoka barabarani, wakiitwa walioharibika. Tajiri wa Fuso mwenye shaka asiulize mtu alikotoka. Amfundishe vioo na upana, kisha ampeleke kwenye mteremko wa changarawe gari likiwa na mzigo, akae kiti cha pembeni atazame mkono na mguu: gia inashuka kabla ya kona au ndani ya kona? Mguu umetoka kwenye breki kabla usukani haujakata, au bado umekanyaga? Atajua ndani ya kilomita mbili. Na aliyefaulu amwajiri kwa mshahara wa mwezi, si kwa hesabu.