Gari Likipungukiwa na Nguvu, Tafuta Sababu Kabla ya Kununua Spea



Nyumba nyingi za mwambao zina gari kuukuu lililonunuliwa kwa kujinyima. Tuseme ni Corolla ya miaka ya tisini, ipelekayo watoto skuli asubuhi, mgonjwa hospitali usiku, na ukoo mzima harusini Malindi. Siku moja gari hilo huanza kuwa zito. Halizimiki wala halilali njiani. Dereva hukanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini mwendo usiongezeke. Kwa kuwa bado linatembea, mwenyewe huahirisha matengenezo. Akija kuamua, hununua spea kwa kubahatisha: leo plagi, kesho pampu, mtondo injini nzima iliyotumika kutoka Japani. Karo ya watoto hupungua, na gari likabaki zito vile vile.

Hasara si ya fedha pekee. Katika mlima wa Mazeras, dereva hutoka nyuma ya lori akitaraji gari litamwitikia. Lisipoitikia, hujikuta upande usio wake, na basi linashuka mbele yake. Kwa hiyo uzito wa gari ni jambo la kuchunguzwa mapema, tena kwa utaratibu.

Kwanza, tuhakikishe kwamba mkosa ni injini. Breki iliyong'ang'ania hulizuia gari kama mtu aliyeshika mkia wake. Endesha mwendo mfupi bila kufunga breki kwa nguvu, kisha sogeza kiganja karibu na kila gurudumu pasi na kuligusa. Lililo na joto kuliko wenzake lipigwe jeki na lizungushwe kwa mkono. Tazama klachi pia: mngurumo ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Vile vile tukumbuke kwamba Mombasa iko usawa wa bahari, nayo Nairobi iko juu yake kwa mita 1,700 hivi. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na taboo hupoteza takriban sehemu moja katika sita ya nguvu zake. Uzito wa namna hiyo si maradhi. Lakini gari likiwa zito hata Likoni, hapo pana sababu.

Injini ya petroli huhitaji hewa, cheche, mafuta na mgandamizo, kisha njia safi ya kutolea moshi. Hekima ni kuanza na kilicho rahisi kukaguliwa.

Hewa: fungua chujio lake na ulitazame dhidi ya mwanga. Lililojaa vumbi huisonga injini. Kagua na mipira ya hewa. Uliopasuka hutoa sauti ya mfyonzo, na injini hutetemeka gari likiwa limesimama.

Cheche: plagi zitolewe moja moja na zipangwe kwa mfuatano wa silinda zake. Yenye rangi ya kahawia hafifu ni salama. Masizi makavu meusi huashiria mafuta yaliyozidi, hewa iliyopungua au cheche dhaifu. Plagi iliyolowa oili hutuelekeza kwenye ringi za pistoni au mipira ya vali. Nyeupe iliyobabuka huonyesha joto la kupita kiasi. Waya za plagi pia huzeeka. Gizani, boneti ikiwa wazi na injini ikinguruma, ulio mbovu huweza kuonyesha cheche zikivuja. Tazama kwa macho tu, usitie mkono.

Mafuta: injini ikiwa tulivu mjini lakini ikaishiwa pumzi mlimani au kwenye mwendo wa kasi, shuku chujio la mafuta au pampu. Dhana hiyo huthibitishwa kwa geji ya kupimia msukumo wa mafuta. Uzito ukianza mara baada ya kujaza tanki, tena injini ikigonga, shuku mafuta yenyewe. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulienea nchini hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha.

Moshi: ndani ya ekzosi mna katalitiki, chombo cha kusafishia moshi. Kikiziba, gari huondoka vyema kisha hufika kasi fulani likakataa kuongeza. Chombo hicho huweza kuwa chekundu kwa joto; gari la namna hiyo lisiegeshwe juu ya majani makavu.

Mgandamizo huachwa mwisho kwa sababu habari zake ndizo nzito. Fundi hufunga geji mahali pa plagi na kupima kila silinda. Injini nyingi zenye afya husoma kati ya pauni 140 na 190 kwa inchi mraba, na lililo muhimu zaidi ni silinda kukaribiana. Mmoja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, itiwe kijiko cha oili na ipimwe tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechakaa; kisipopanda, vali ndizo za kushukiwa. Zote zikiwa chini kwa pamoja, mkanda wa taimingi ukaguliwe kabla ya kuihukumu injini, kwani huenda umeruka jino tu.

Ikiwa taa ya injini inawaka, mashine ya kusomea hitilafu itumike, lakini jibu lake lisichukuliwe kuwa hukumu. Mashine hutaja mlango uliovunjwa, haimtaji mwizi.

Fundi huweza kusaidiwa na familia. Mama au kijana wa nyumbani aandike: uzito ulianza lini, injini ikiwa baridi au moto, mlimani au tambarare, moshi una rangi gani, mafuta yanaliwa zaidi ya kawaida au la. Karatasi hiyo huokoa siku nzima ya kubahatisha.

Kisha liulizwe swali moja kwa adabu: «Fundi, umejuaje kuwa ni pampu?» Fundi mwema hakasiriki. Atajibu, «Njoo uone, mzee, geji hii ilipaswa kupanda, nayo haipandi.» Anayejibu, «Tubadilishe kwanza, halafu tutaona,» anakuomba ugharimie dhana yake. Kadhi hahukumu kabla ya kusikia shahidi. Vivyo hivyo spea isinunuliwe kabla ya kipimo. Na ile kongwe iliyotolewa uonyeshwe, kwani ni mali yako.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chujio lililosahauliwa ni gharama ndogo. Injini iliyobadilishwa bila haja ni deni la mwaka mzima. Juma hili, kabla ya safari, tufungue boneti, tutazame, tupime, kisha ndipo tufungue mkoba.

Tukutane juma lijalo, inshallah.