Suheli imechomoza, jasho bado

Kila mwaka, ifikapo wiki ya mwisho ya Agosti, wako watu katika Oman na nchi jirani za Ghuba ambao huamka kabla ya alfajiri na kuelekeza macho yao kusini. Wanaitafuta nyota moja, Suheli, ambayo kwa hesabu ya wanafalaki wa huko huanza kuonekana karibu na tarehe 24 ya mwezi huo. Habari ya kuonekana kwake hupokewa kwa furaha mijini na mashambani, kwani tangu zama za mababu nyota hiyo ndiyo ishara kwamba makali ya kiangazi yameanza kupungua.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni wa jina hilo. Katika Kiswahili cha zamani, hasa cha mabaharia, suheli ilikuwa ndiyo kusini yenyewe. Manahodha wa Zanzibar, Mombasa na Maskati waliisoma mbingu moja, na hata leo ziko nyumba nyingi nchini Oman ambamo Kiswahili ndiyo lugha ya barazani. Kwa hiyo habari za joto la huko, na za kupungua kwake, si habari za ugenini.

Furaha hiyo ni ya haki. Joto la nchi hizo si la kulinganishwa na lile ambalo Mwafrika wa Mashariki hulilalamikia akiwa ndani ya basi. Tarehe 21 Julai 2016, mahali paitwapo Mitribah nchini Kuwait, vipimo vilionyesha nyuzi 53.9 za Selsiasi, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekwisha kukikubali kipimo hicho kuwa cha juu kabisa kupata kuthibitishwa katika bara la Asia. Mwishoni mwa Juni 2018, katika mji wa Qurayyat ulio pwani ya Oman, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa saa 24, pamoja na usiku. Hilo ni joto ambalo mkazi wa Dar es Salaam hajazoea kulipata hata saa nane mchana wa Februari, na watu wa Qurayyat walitakiwa walale nalo.

Lakini nafuu inapokuja, haiji kwa kila mtu siku moja. Jambo hili lastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndilo chanzo cha kasoro inayozungumzwa hapa.

Jua likisharudi kuelekea Ikweta, na usiku ukaanza kurefuka, jangwa hupoa upesi. Hewa yake ni kavu, mbingu haina mawingu, na mchanga uliopata moto mchana kutwa huutoa moto huo mara jua linapotua. Ndiyo maana mchunga ngamia aliye mbali na bahari huanza kujitanda shuka usiku wakati watu wa pwani bado wanajipepea. Bahari haina haraka hiyo. Maji yamekusanya joto miezi mitatu au minne, nayo hayaliachi kwa siku mbili. Juu ya hayo, ule upepo wa kiangazi utokao kaskazini-magharibi, uitwao shamali, hulegea mwishoni mwa msimu, na unyevu wa bahari ukabaki umeikalia miji ya pwani. Kipimajoto huonyesha nyuzi chache kuliko za Juni, watu wakapongezana, ilhali mwili hauoni tofauti.

Waswahili wanayo maneno mawili kwa mambo haya mawili, na ni maneno ya watu wanaoijua pwani. Liko joto, na liko fukuto. Katika joto kavu jasho hukauka mara litokapo, na kule kukauka ndiko kunakoupooza mwili. Katika fukuto hewa imeshiba maji, haina nafasi ya kupokea mengine; jasho hudondoka tu hadi miguuni bila kumsaidia mwenyewe. Mtu anayechimba mtaro katika fukuto la nyuzi 37 anaweza kuwa katika hatari kubwa kuliko anayetembea jangwani katika nyuzi 42. Hili si fumbo kwa mvuvi wala kwa kuli wa bandarini. Fumbo ni kwamba sheria nyingi bado hazilitambui.

Nchi za Ghuba zimejitahidi, na si haki kulificha hilo. Nchini Oman kazi za nje mahali pasipo kivuli hupigwa marufuku kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, tangu saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri. Falme za Kiarabu huanza tarehe 15 Juni na kumaliza tarehe 15 Septemba, nazo husimamisha kazi kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:00. Kuwait husimamisha kuanzia saa 5:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, lakini marufuku yake nayo hukoma Agosti inapokwisha. Wako wafanyakazi wengi ambao wako hai leo kwa sababu ya saa hizo chache za kivuli.

Hata hivyo, hizo ni sheria za kalenda. Tarehe 31 Agosti fundi mwashi wa Maskati anapumzika chini ya turubai, kwa kuwa serikali imekubali kwamba jua la saa saba laweza kumuua. Tarehe 1 Septemba, chini ya jua lile lile, juu ya zege lile lile, anatakiwa awe ameshika mwiko. Hakuna aliyepima chochote kati ya siku hizo mbili. Ukurasa wa kalenda umechanwa, basi. Ile furaha ya Suheli inageuka, kwake yeye, kuwa tangazo la kurudishwa juani.

Qatar imeonyesha kwamba njia nyingine ipo. Tangu mwaka 2021, mbali na marufuku yake ya kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, sheria ya nchi hiyo inataka kazi isimame wakati wowote, mwezi wowote, pindi kipimo kinachojumlisha joto la hewa, unyevu, mwako wa jua na upepo kinapopita 32.1. Namba hiyo yaonekana ndogo kwa aliyezoea kusikia nyuzi 45 na 50. Si ndogo. Kipimo hicho hakitangazi joto la hewa peke yake, bali mzigo wote unaoubebeshwa mwili. Kama kipimo hicho kinafuatwa kila mahali ni suala la wakaguzi, na wakaguzi ni suala la nia. Lakini angalau msingi wake umewekwa mahali pake, yaani juu ya hali ya mtu anayefanya kazi badala ya tarehe.

Yafaa ikumbukwe kwamba wazee wa Oman hawakuwa na haja ya sheria ya aina hii, maana hakuna aliyethubutu kufanya kazi nzito wakati huo wa mchana. Mkulima wa mitende alipanda mtende alfajiri. Mvuvi aliteka bahari usiku, akauza asubuhi. Maji ya falaji yaligawiwa kwa zamu usiku na mchana, na wenye uwezo waliihama Maskati kiangazi, wakaenda kukaa katika mashamba ya Batina au bara, penye kivuli cha mitende na tende zinazoiva. Joto walilijua kuwa lina manufaa yake, kwani pasipo hilo hakuna tende; ila walilipisha njia, kama mtu anavyompisha ng'ombe dume. Desturi hiyo haikuvunjwa na hali ya hewa. Ilivunjwa na mkataba wa ujenzi wenye tarehe ya kumaliza na faini ya kuchelewa, na mzigo wake ukaangukia watu ambao hawakuwapo ulipotiwa saini.

Watu hao ni akina nani? Katika Falme za Kiarabu, Qatar na Kuwait wageni ni wengi kuliko wenyeji, na wengi wao wamekuja kuuza nguvu zao: Wahindi, Wabangladeshi, Wanepali, Wapakistani. Siku hizi wamo pia Wakenya na Waganda wanaolinda milango ya majengo na kupeleka vyakula kwa pikipiki. Mpeleka chakula yuko barabarani saa ile ile ambayo mteja wake ameona ni joto mno kutoka nje. Na wako wanawake, wakiwamo Watanzania, wanaofanya kazi za nyumbani. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania wa kazi za nyumbani katika Oman na Falme za Kiarabu, na miongoni mwa malalamiko yaliyomo ni saa za kazi zisizo na mwisho. Marufuku ya mchana hayamhusu mwanamke huyo. Yanasema habari za kazi za nje, wakati yeye yuko jikoni mbele ya moto, au juu ya dari akianika nguo.

Wako watakaosema kwamba viyoyozi vimekwisha kulimaliza tatizo hili. Kiyoyozi ni kitu chema, na anayekibeza akiwa Dodoma au Arusha hajapata kulala Doha mwezi wa Agosti. Lakini kiyoyozi hakilimalizi joto; hulitoa chumbani na kulitupa njiani, alipo mfagiaji. Tena hutegemea umeme, na umeme nao una kikomo. Juni 2024 Kuwait, nchi yenye mafuta kuliko mahitaji yake, ililazimika kukata umeme kwa zamu katika baadhi ya maeneo kwa sababu mitambo ilizidiwa.

Na mambo hayaelekei kuwa mepesi. Eneo la Mashariki ya Kati linapata joto kwa kasi inayokaribia mara mbili ya wastani wa dunia. Wakati wa Hija ya Juni 2024, joto la Makka lilipita nyuzi 50, na Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa mahujaji wasiokuwa na vibali, ambao walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala mahema yenye hewa baridi. Hapo pia joto lilikuwa moja kwa wote. Kivuli ndicho kilichogawiwa kwa vyeti.

Hoja ya makandarasi inajulikana: saa za kusimama ni hasara. Lakini hasara hiyo huhesabiwa upande mmoja tu. Shirika la Kazi Duniani lilieleza katika ripoti yake ya Aprili 2024 kwamba wafanyakazi bilioni 2.41 hukabiliwa na joto la kupita kiasi kila mwaka, na kwamba joto hilo huhusishwa na ajali na majeraha ya kazini milioni 22.87 na vifo 18,970. Katika hesabu za kandarasi hakuna safu ya figo zilizoharibika. Mtu huyo hurudishwa kwao, na gharama zake hulipwa na ndugu zake kijijini.

Suala hili lina upande wa nyumbani vilevile. Kusi inayopooza vilima vya Salala kuanzia mwishoni mwa Juni, ikavijaza ukungu na majani mabichi wakati Oman yote inaungua, ni ile ile iliyopita mbele ya Zanzibar na Lamu. Inapokoma, na kaskazi ikaanza kushuka, Maskati hupata miezi yake mizuri, nayo pwani ya Afrika Mashariki huingia katika fukuto la Desemba hadi Machi. Wakati huo ni zamu ya mbeba matofali wa Kariakoo na mpakiaji wa bandarini, nao wanastahili kipimo, si huruma.

Kati ya Septemba na Juni iko miezi tisa. Wanaopeleka wafanyakazi Ghuba, na wenye mamlaka ya kuidhinisha mikataba yao, wanao muda wa kutosha kuyaandika humo mambo manne kabla kiangazi kingine hakijaanza: kiwango cha joto ambacho kikifikiwa kazi husimama, maji ya kunywa mahali pa kazi, chumba cha kulala chenye hewa, na jina la atakayelipa hospitali.